Gari la deraya kwenye gereji ya Omurushaka: chuma cha vita kinafufuliwaje?

Hebu fikiria umesimama Omurushaka, Karagwe, na lori limeingia senta likiwa limebeba kitu kizito kimefunikwa turubai. Turubai linatolewa. Ndani kuna gari dogo la rangi ya majani makavu, magurudumu manne makubwa, pembe pembe kila mahali, kioo hakuna. Mafundi wa gereji wanaacha Fuso waliyokuwa wanaifungua na kuja kushangaa. Mmoja anauliza swali ambalo nawe ungeuliza: "Hii ngoma itawaka?"

Tukio hili ni la kufikirika, lakini gari lenyewe ni la kweli. Linaitwa Ferret, gari la deraya la upelelezi lililotengenezwa na kampuni ya Daimler huko Coventry, Uingereza, kati ya 1952 na 1971. Yalitoka magari 4,409. Jeshi la Uganda lilikuwa na baadhi yake enzi zile. Leo Ulaya na Marekani kuna watu wa kawaida wanaoyanunua baada ya jeshi kuyastaafisha, wanayafungua kipande kwa kipande, wanayafufua, na Jumapili wanayaendesha kwenye maonyesho.

Kwa nini swali hili lituhusu sisi wa Karagwe na Kyerwa? Kwa sababu mkoa wetu wa Kagera ndiko vita vilikopita. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na Novemba 3 daraja la Kyaka lilivunjwa. Vita vile viliacha chuma kingi ardhini. Na kwa miaka mingi sasa chuma hicho kina mteja mmoja tu wa uhakika: mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mzani. Kwa hiyo kujua jinsi chuma cha vita kinavyooza, kinavyofufuka na kinavyoua ni elimu ya hapa hapa kwetu.

Twende taratibu.

Kutu: kwa nini bodi inabaki na madigadi yanakwisha

Kutu ni chuma kinachorudi kilikotoka. Mawe ya chuma ardhini ni chuma kilichoungana na oksijeni. Mhunzi anatumia moto na mkaa kuiondoa oksijeni hiyo, halafu mvua na hewa vinairudisha polepole. Kinachohitajika ni maji na oksijeni. Hata bila mvua, hewa ikiwa na unyevunyevu wa zaidi ya asilimia 60 hivi, utando mwembamba wa maji usioonekana unakaa juu ya chuma na kazi inaanza.

Kwetu mvua zinakuja misimu miwili, vuli na masika, na asubuhi za ukungu hazihesabiki. Lakini tuna bahati moja: tuko mbali na bahari. Chumvi ya bahari inaharakisha kutu sana, na Ziwa Victoria ni maji baridi. Gari lililotelekezwa Karagwe litaoza polepole kuliko pacha wake aliyeachwa ufukweni Dar es Salaam.

Tufanye hesabu. Tuseme kutu inakula milimita 0.03 kwa mwaka kila upande wa bati, kiwango cha kawaida kwa hali ya hewa ya wastani isiyo na chumvi. Kwa miaka 45 ni milimita 1.35 kila upande, yaani 2.7 pande zote mbili. Bati la deraya la Ferret lina unene wa hadi milimita 16. Toa 2.7, bado una ngao nene. Sasa chukua digadi la bati la milimita 1.5. Lenyewe limekwisha ndani ya miaka 25. Ndo maana ukiona picha za mabaki ya magari ya vita kokote duniani, bodi ipo imesimama kama nyumba, ila vitu vyote vyembamba vimeyeyuka.

Kuna jambo lingine. Kutu inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Ikianza kwenye nyuzi za bolti au katikati ya mabati mawili, inavimba na kubana. Hapo ndipo fundi anapovunja spana na kulaumu mkono wake, kumbe anapigana na kemia.

Dawa ya kutu iko sokoni: magadi

Vipande vidogo vyenye kutu, kama bawaba, vishikio na bolti kubwa, vinaweza kusafishwa bila kupiga msasa mpaka vidole viume. Unahitaji ndoo ya plastiki, maji, magadi yale yale ya kulainishia maharage, chaja ya betri ya volti 12 na kipande cha chuma cha kawaida usichokihitaji.

Koroga magadi kwenye maji, kijiko kikubwa kimoja kwa lita. Kitu chenye kutu kifunge kwenye waya hasi wa chaja. Chuma usichokihitaji kifunge kwenye waya chanya. Vizame vyote viwili bila kugusana, kisha washa. Viputo vitaanza kupanda. Umeme unasukuma elektroni kuingia kwenye kitu chenye kutu, na sehemu ya kutu iliyoshika chuma inageuka kuwa unga mweusi unaotoka kwa brashi. Chuma kizima hakiliwi. Hiyo ndiyo tofauti na asidi, ambayo haichagui.

Tahadhari nne, na sizitaji kwa mapambo:

- Fanya kazi nje. Viputo vile ni haidrojeni na oksijeni, na cheche moja ndani ya chumba kilichofungwa inatosha kulipuka.
- Usiweke chumvi ya mezani. Itatoa klorini, gesi yenye sumu.
- Upande chanya usitumie chuma kisichoshika kutu, kile cha masufuria na vijiko vinavyong'aa. Kina kromiamu, na inaweza kuingia kwenye maji ikiwa katika umbo lenye sumu kali.
- Usisafishe springi kwa njia hii. Haidrojeni inapenya kwenye chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla kama kioo.

Chuma cha deraya hakichomelewi kama geti

Sasa bodi ina ufa. Fundi wa kuchomelea anasema, "Hiyo dakika kumi tu." Mzuie kwanza.

Chuma cha deraya ni chuma chenye kaboni kidogo kilichochanganywa na metali nyingine kama nikeli, kromiamu na molibdenamu, kisha kikachomwa hadi kuwa chekundu, kikapozwa ghafla, halafu kikapashwa tena kwa moto wa wastani ili kisiwe na uvunjifu. Ni kanuni ile ile ya mhunzi anayezamisha jembe jekundu kwenye maji. Ugumu wake haukai kwenye mchanganyiko peke yake, unakaa pia kwenye historia yake ya moto. Ukikipasha vibaya, unaifuta historia hiyo.

Ukichomelea kwa fimbo za kawaida, mambo mawili yanatokea pembeni ya mshono. Kwanza, sehemu iliyopata joto kali inapozwa haraka na wingi wa chuma baridi kinachoizunguka, inakuwa ngumu kupita kiasi. Pili, unyevu ulio kwenye dawa ya fimbo unatoa haidrojeni inayoingia kwenye chuma hicho. Unaondoka gereji jioni mshono unapendeza. Kesho asubuhi, pembeni yake, kuna ufa mpya ambao jana haukuwepo. Wanaojua kazi wanatumia fimbo zenye haidrojeni kidogo, wanazikausha kwenye oveni, wanapasha chuma chote kwanza, na wanakiacha kipoe polepole.

Na usidhani elimu hii ni ya kizungu peke yake. Septemba 1978, wiki chache tu kabla ya uvamizi, jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu uyeyushaji wa chuma wa Wahaya hapa hapa Kagera. Ulieleza matanuru ya kale, na wazee walioijua kazi hiyo wakijenga tanuru na kuzalisha chuma chenye kaboni. Huko Karagwe kwenyewe, hazina ya mfalme Rumanyika, aliyempokea Speke mwaka 1861, ilikuwa na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Huku kwetu chuma kilikuwa alama ya utawala kabla hakijawa mzigo wa kupimwa kwa kilo.

Injini kwenye vilima vyetu

Ferret ina injini ya petroli ya Rolls-Royce aina ya B60, silinda sita, lita 4.26, yenye nguvu farasi 129 hivi. Imetengenezwa kwa mgandamizo mdogo ili inywe hata petroli hafifu ya vitani, kwa hiyo petroli ya kituo cha Kayanga haitaisumbua. Kitakachoisumbua ni hewa.

Sehemu kubwa ya nyanda za Karagwe iko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwingine zaidi. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14. Injini isiyo na taboo inavuta ujazo ule ule wa hewa, ila ndani yake oksijeni imepungua. Nguvu farasi 129 zinashuka hadi kama 111. Tena kabureta iliyopangwa kwa Uingereza inaendelea kumwaga petroli nyingi kuliko hewa inavyoweza kuunguza, plagi zinakuwa nyeusi, moshi unatoka, na wewe unalaumu petroli. Dawa ni jeti ndogo zaidi kwenye kabureta.

Gari lina uzito wa karibu tani 4.4. Kwenye mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, ukiondoa nguvu inayopotea kwenye gia na tairi, farasi 111 zinakupa mwendo wa kama kilometa 45 kwa saa. Si mbaya. Ila maji nayo yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, na injini imefungiwa nyuma ndani ya sanduku la deraya lenye hewa kidogo. Rejeta ikiwa imeziba hata kidogo, gari litachemsha kabla hujamaliza kupanda.

Na mfuko wako? Tangi la lita 96 linakwenda kilometa 306 barabarani. Hiyo ni kama kilometa 3.2 kwa lita moja. Safari ya kilometa 100 inakunywa lita 31. Bodaboda watakucheka.

Siri ya lami

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: gari hili linapenda barabara ya vumbi ya Kyerwa kuliko lami ya Kyaka–Bugene.

Land Rover unayoijua ina difu mbele na difu nyuma. Kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu la nje na la ndani kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Ferret haina ekseli kama hizo. Katikati kuna difu moja inayogawa nguvu kushoto na kulia, halafu kila upande shafti moja inakwenda mbele na nyingine nyuma. Faida yake ni kwamba gari linakuwa fupi kwenda juu, na gurudumu moja likikanyaga tope, mwenzake wa upande ule ule bado anasukuma. Hasara ni kwamba gurudumu la mbele na la nyuma la upande mmoja yamefungwa pamoja kama ng'ombe wawili kwenye nira moja.

Sasa kata kona. Tuseme gurudumu la mbele la nje linapita kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 6, na kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.3. Kwenye kona ya kawaida ya njia panda, gurudumu la mbele linatembea mita 9.4, la nyuma mita 8.7. Tofauti ni karibu sentimita 70. Lakini gia zinawaambia mzunguke sawasawa! Kwenye vumbi, tairi linateleza kidogo na deni linalipika. Kwenye lami kavu tairi linang'ang'ania, na zile sentimita 70 zinageuka kuwa msokoto ndani ya shafti. Kona ya pili, msokoto unabadilika au unaongezeka. Sanduku za gia zinapata moto, na mwisho kitu kinavunjika. Ndiyo maana wamiliki wanajua kugusa sanduku za gia kwa mkono baada ya safari kuona ipi imepata moto kuliko nyingine, na hawachanganyi tairi mpya na lililokwisha upande mmoja. Tairi lililolika ni dogo, kwa hiyo linajenga deni hata ukienda moja kwa moja.

Pedali inayopiga teke

Gari hili halina klachi unayoijua. Injini inazungusha feni ndani ya oili, na oili hiyo inasukuma feni nyingine inayoelekea kwenye gia boksi. Feni mbili zinatazamana bila kugusana. Ndani ya gia boksi, gia ndogo zinalizunguka gia la katikati kama sayari zinavyolizunguka jua, na gia nyingi kila moja inashikwa na mkanda wake.

Kubadili gia kuna hatua mbili. Kwanza unachagua kwa mkono gia utakayoitaka baadaye. Halafu, wakati ukifika, unakanyaga pedali ya kushoto mara moja hadi mwisho, na springi kubwa inabana mkanda husika. Ukikanyaga nusu nusu, springi inaweza kukosa pa kushika, na pedali inarudi kwa teke la nguvu. Kuna madereva waliovunjwa mguu namna hiyo. Na gia zote tano zinafanya kazi hata kurudi nyuma. Kwa mpelelezi aliyekutana ghafla na adui, hiyo ndiyo bima ya maisha.

Vitu vinavyoua bila risasi

Kabla ya spana ya kwanza, jua haya. Linaning za breki na gasketi za miaka ile mara nyingi zina asbesto. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na ugonjwa unaweza kuja baada ya miongo. Usipulize kwa kompresa, lowesha kwanza. Baadhi ya saa na dashibodi za kijeshi za zamani zilipakwa rangi inayong'aa gizani yenye radiamu, na kioo chake kikivunjika, usiguse, usifute kwa nguo. Rimu nazo ni vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti. Ukizifungua bolti hizo kukiwa na upepo ndani, rimu inaruka kama kombora. Toa upepo wote, hata ung'oe valvu kabisa, ndipo uguse.

Haya yote, lakini, ni madogo ukilinganisha na hili. Novemba 2017 huko Ngara, katika mkoa wetu huu huu, bomu la mkono lililipuka kwenye Shule ya Msingi Kihinga na kuua watoto. Mwanafunzi alikuwa amelibeba akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Soma tena sentensi hiyo. Mtoto hakuwa mtundu wala mjinga. Alikuwa amefundishwa na soko kwamba chuma kilicholala shambani ni hela.

Kemia inatuambia kwa nini chuma kile bado ni hatari baada ya miaka 40. Kutu inakula ganda la nje na pini, lakini baruti ya kisasa ndani haiozi kwa kasi hiyo. Kwa hiyo kadiri bomu linavyozeeka, kinachopungua ni kizuizi chake, mlipuko wake unabaki pale pale. Kuzeeka hakulifanyi kuwa salama. Mara nyingi kunafanya kinyume.

Basi, unaweza kulimiliki?

Kwa ufundi, ndiyo: mafundi wanaofufua Fuso zilizopinduka wanaweza kujifunza Ferret. Kwa sheria, usianze na spana. Zana za kivita si gari la kununua mnadani ukaenda zako. Silaha na risasi zina sheria yake ya udhibiti ya mwaka 2015, na gari lolote la aina hii lazima kwanza lipitie mikononi mwa vyombo vya ulinzi, liondolewe silaha na kukaguliwa. Tena sehemu iliyo rahisi kulitunza gari kama hili ni makumbusho au shule ya ufundi, ambako lingefundisha vijana fizikia yote uliyoisoma hapa juu kwa kulishika.

Na hapo ndipo kuna pengo. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kale kwa kutazama tarehe: kilichotengenezwa kabla ya 1863 ni cha kulindwa. Chuma cha 1978 hakimo, mpaka Waziri akitangaze. Makaburi ya mashujaa Kaboya, Muleba, yapo na yanatunzwa. Lakini mabaki ya chuma yakikatwa kwa gesi na kupakiwa kwenye lori, hakuna anayeandika hata yalikuwa nini, yalilala wapi, na nani aliyaona yakifika.

Kwa hiyo chukua mawili. Ukikuta chuma cha ajabu shambani, iwe Kaisho, Murongo au Nyakahanga, usikiguse, usikipige jembe, usikihamishe "kwa usalama". Weka alama kwa mbali, wazuie watoto, mwambie mwenyekiti wa kijiji na polisi, namba 112. Na ukikuta mzee anayekumbuka mwaka 1978, mkalishe chini, mwombe akusimulie, andika. Chuma tumeshaona kinavyokwenda: milimita 0.03 kwa mwaka. Kumbukumbu za wazee zinakwenda kwa kasi kuliko hiyo.